Maswali ya wasomaji: Tanga twende lini?

Tuko Dodoma, wazazi wawili na watoto watatu. Tunataka siku sita za Lushoto na Pangani shule zikifungwa. Juni au Desemba? (Mama wa watatu, Dodoma)

Juni, ila si mwanzoni. Masika ya Tanga hayaishi pale zinapoisha mvua za kwenu. Mei ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi Tanga mjini, na mkia wake huweza kuburuta hadi wiki ya pili ya Juni. Pangeni kuanzia tarehe 15 hivi.

Anzeni mlimani. Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi za lami, kona juu ya kona, na mvua kubwa hushusha udongo na mawe barabarani. Pandeni mchana. Lushoto iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na Juni ni kipupwe: kila mtoto awe na sweta na soksi. Wanaokuja na nguo za pwani tupu huishia kununua masweta ya mitumba sokoni, tena kwa bei ya mtu anayetetemeka.

Pangani mtakuta kusi, upepo wa kutoka kusini, inavuma. Mambo ya baharini yafanyeni asubuhi, kwa sababu mchana upepo hupanda na bahari kuchafuka. Desemba nayo ina sifa zake: kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, inaanza na maji huwa maangavu zaidi. Lakini joto ni kali, vyumba hupanda bei Krismasi, na mwaka wa El Niño, kama 1997 na 2023, vuli huzidi kiasi.

Tulilipia boti kwenda Maziwe, tukafika hatukuona kisiwa, maji tu. Tulitapeliwa? (Msomaji, Korogwe)

Pengine hapana, mlikwenda saa ya maji kujaa. Maziwe, nje kidogo ya Pangani, kilikuwa kisiwa chenye mivinje, mawimbi yakala ardhi yake, na tangu miaka ya 1980 kimebaki fungu la mchanga. Bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa sana kuliko kawaida, ikijaa, fungu lote huzama. Nahodha mwaminifu angewaambia kabla ya kupokea pesa, hilo tunakubali.

Tafuteni tarehe kwa mwezi wa angani. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Katika siku hizo pwani yetu hupwa karibu saa nne hadi saa tano asubuhi, na kila siku inayofuata saa hiyo husogea mbele dakika 50 hivi. Kwa hiyo tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 za kalenda ya Kiislamu, kupwa huangukia kati ya saa nne na saa sita mchana. Ondokeni masaa mawili kabla ya maji kupwa kabisa, na muwe mmeshapanda boti ya kurudi masaa mawili baada yake. Maji mafu, yaani siku za katikati ambapo maji hujaa na kupwa kidogo, hayafai sana kwa safari hii: mkondo ni mpole, kweli, lakini kupwa huja alasiri, wakati kusi imeshachachamaa.

Hakikisheni kwa jedwali la maji la bandari ya Tanga. Hapo ndipo wengi hukosea: 10:15 kwenye jedwali ni saa nne na robo asubuhi, si saa kumi jioni. Kimo cha kupwa kikiwa chini ya mita 1, mchanga mtaukuta.

Mdomo wa mto Pangani nao una hila. Maji ya kupwa yanayotoka yakikutana na kusi, mawimbi husimama wima. Vaeni majaketi ya kujiokolea kabla ya kutoka mtoni, si baada. Kivuli Maziwe hakuna: maji ya kunywa lita 2 kwa kila mtu, na kofia. Ni hifadhi ya bahari tangu 1975, hivyo ulizeni kama kiingilio kimo kwenye bei ya boti.

Nina gari dogo. Hifadhi ya wanyama ya Saadani mwezi wa Aprili inawezekana? (Msomaji, Muheza)

Usijaribu. Udongo mweusi wa mle ukilowa hunasa hata gari la magurudumu manne yanayovuta, na wanyama hutawanyika kwa kuwa maji yapo kila mahali. Nenda Julai hadi Septemba.

Simu yangu inaonyesha mvua siku zote saba za safari ya Julai. Niahirishe? (Msomaji, Moshi)

Usiangalie picha ya wingu, angalia milimita na saa. Manyunyu ya kusi mara nyingi hupita usiku au alfajiri, na saa tatu jua limetoka; milimita 2 au 3 hazivunji safari. Kinachovunja safari ni taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakitoa angalizo la upepo mkali na mawimbi, ahirisha boti, baki nchi kavu. Wakitoa tahadhari, iliyo ngazi ya juu ya angalizo, usimsikilize nahodha anayesema amezoea. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipokaribia, hata boti kubwa za Dar es Salaam na Zanzibar zilisimama. Ukilipia boti mapema, kubalianeni kwanza kama pesa inarudi au tarehe inasogezwa, na iandikwe kwenye risiti.