Swali la lugha: Kucheza raga au kuimba raga? Swara wawili au swara mbili?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mtanzania, nasoma Chennai, kusini mwa India. Tangu Januari najifunza muziki wa Karnatiki, ule wa jadi wa huku, kwa mama mmoja anayekaa karibu na hosteli yetu. Anafundisha kwa Kiingereza kilichochanganyika na Kitamil, lakini daftari langu naandika kwa Kiswahili. Juzi niliandika: "Leo nimecheza raga moja na kuweka tala huku nikisoma swara saba." Mwenzangu wa chumbani, Mkenya, akaniuliza nimejiunga na timu gani. Je, raga niiite mahadhi, swara noti, na tala mdundo? Au niyaache maneno yao? Na ni muziki wa Karnatiki au wa Karnataka? Jambo la mwisho si la lugha: mwalimu wangu wa muziki anasema janta zangu, yaani mazoezi ya swara mbilimbili, zina uzito mahali pasipo.

JIBU: Marahaba mwanangu. Majina yaache kama yalivyo. Kazi ya Kiswahili katika daftari lako iko kwenye vitenzi na upatanisho, na hapo ndipo sentensi yako ilipoyumba.

Mwenzako hakukosea. Kwa Wakenya raga ni ule mchezo wa mpira wenye umbo la yai, ambao sisi huku wengi tunauita ragbi. Ila kilichompeleka uwanjani si neno raga, ni kitenzi "kucheza". Katika Kiswahili anayecheza muziki ni yule anayenyanyuka kitini na kunengua. Mwenye ala hupiga, mwenye koo huimba. Ungeandika "nimeimba raga", hata shabiki mkubwa wa mpira asingekuuliza habari za timu.

Mahadhi usiyatumie kwa raga. Tunasema wimbo huu umetungwa kwa mahadhi ya wimbo ule, maana mahadhi ni ya wimbo. Raga inataja swara zipi, yaani sauti zipi, zitumike, zipandeje, zishukeje, ipi itikiswe na ipi ikaliwe kwa muda. Nyimbo mia zenye mahadhi mia zinaweza kutungwa katika raga moja. Raga uliyoanza nayo bila shaka ni Mayamalavagowla, maana wanafunzi wa Karnatiki huanzia hapo. Mpango huo wa masomo ya mwanzo unahusishwa na mtunzi Purandara Dasa wa karne ya 16. Ukiandika "leo nimejifunza mahadhi ya Mayamalavagowla", msomaji atasubiri umwimbie wimbo mmoja wenye jina hilo.

Swara nayo tayari tunayo mbugani. Ni yule mnyama ambaye Tanzania tunamwita swala na wengine humwita swara. Hapa upatanisho unatusaidia bila gharama yoyote: swara wawili wanakimbia, swara mbili zinaimbwa. Basi ziweke swara, raga na tala zote katika ngeli ya I-ZI: raga hii, raga hizi, tala ile, tala zile. "Maraga" nimeisikia, siipendi, na sioni inaongeza nini.

Kwa nini zisiitwe noti? Noti iliyoandikwa kwenye mistari mitano inataja kimo maalumu cha sauti, kilekile kwa kila mwimbaji. Sa, swara ya kwanza, haina kimo hicho. Kila mwimbaji huiweka pale koo lake linapostarehe, kisha Ri, Ga, Ma, Pa, Da na Ni zinapimwa kutokea hapo. Aliyeimba kwaya kwa solfa atafahamu upesi, kwa kuwa "do" ya kwaya nayo huhama. Lakini asiendelee na kufananisha Ri na "re". Ri ziko za aina tatu, na ile ya Mayamalavagowla imekaa chini zaidi, jirani kabisa na Sa. Mvumo wa tambura, ala ya nyuzi inayoshikilia Sa nyuma ya mwimbaji, ndio shruti yake. Neno hilo liandike hivyohivyo, shruti. Ukilitilia irabu likawa "shuruti", limekuwa sharti, na utakuwa umeandika kwamba mwalimu wako amekupa masharti.

Tala si mdundo wowote, ni mzunguko. Tala mnayotumia kwa mazoezi ya mwanzo, Adi, ina hesabu nane, na mkono ndio unaozionyesha: kofi, kidole cha mwisho, cha pete, cha kati, kisha kofi, geuza kiganja, kofi, geuza kiganja. Sisi tunapiga makofi, tunapiga mluzi, tunapiga hata pasi. Tala pia tuipige. "Kuweka tala" ni Kiingereza cha mwalimu wako kilichovaa kanga. Mkono ukiwa thabiti umeishika tala, ukikosa hesabu umeipoteza. Na unapofika kasi ya pili, usiandike "nikaimba haraka haraka", utajidanganya mwenyewe ukarudie hivyo kesho. Mkono hauongezi mwendo hata kidogo. Kinachoongezeka ni swara: moja kwa kila hesabu, halafu mbili, halafu nne. Andika "swara mbili kwa kila hesabu", na daftari litakufundisha hata mwalimu asipokuwepo.

Karnatiki au Karnataka? Wenyewe katika lugha zao hutumia jina linalofanana na Karnataka. Lakini tangu 1973 hilo ni jina la jimbo, na msomaji wa Kiswahili atadhani muziki huu ni wa jimbo hilo tu, ilhali wewe unausoma Tamil Nadu, na Andhra Pradesh, Telangana na Kerala nako unaimbwa. Karnatiki inatosha.

Sasa janta. Umesema si suala la lugha. Mimi naona ni la lugha kuliko yote uliyouliza. Janta ni swara zinazoimbwa mbilimbili, na ya pili ndiyo hubeba mkazo, ikiguswa kidogo kutokea swara ya chini yake. Hebu ziandike mfululizo uone kilichokupata: sasa, riri, gaga, mama, papa, dada, nini. Tano kati ya hizo ni maneno yetu, nawe umeyatamka tangu hujaota meno! Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo neno la silabi mbili huelemea mbele: SAsa, MAma, DAda. Janta inataka kinyume chake: saSA, maMA, daDA. Mwalimu wako anasikia swara ya kwanza ikiwa nzito na ya pili ikififia, wala hana njia ya kujua kwamba wewe unamwita dada.

Kwa hiyo daftarini usiziunganishe. Andika "sa, SA, ri, RI, ga, GA", kila moja na koma yake, na uanze polepole, swara moja kwa kila hesabu. Ukifika "ma, MA" punguza hata zaidi, maana hilo ndilo neno ambalo ulimi wako hautakubali kirahisi kuligeuza.