Mkaguzi amelikataa tangi lako? Itazame E

Kijana mmoja mwenye karakana ameniandikia kwa uchungu. Ametengeneza tangi la hewa la kompresa: kipenyo cha ndani milimita 800, presha ya usanifu bar 11, bamba la milimita 5 la SA-516 daraja la 70, chuma cha matangi ya presha. Mkaguzi kalikataa. Hesabu kaniambatishia, na hesabu yenyewe ni safi, ila kaweka E, ile namba ya mshono, kuwa 1. Ndugu yangu, hapo ndipo ulipokamatwa, na mimi niko upande wa mkaguzi.

Fomula ya ASME, chama cha wahandisi mitambo wa Marekani, katika kanuni yake ya matangi ya presha, Sehemu ya VIII, Divisheni ya 1, ni t = PR/(SE − 0.6P). t ni unene unaotakiwa. P, presha, ni megapaskali 1.1. R, nusu kipenyo, ni 400, lakini kwa kuwa umeacha milimita 1 iliwe na kutu, unahesabu kwa 401. S, yaani mkazo unaoruhusiwa, ni megapaskali 138. E ni kiasi unachoruhusiwa kuuamini mshono. Mshono uliochomelewa pande zote mbili na kupigwa eksirei wote ni 1. Ukipigwa sehemu sehemu ni 0.85, usipopigwa kabisa ni 0.70. Wewe hukupiga hata picha moja. Kwa 0.70 unapata milimita 4.6, ongeza 1 ya kutu, 5.6. Hilo ni bamba la 6. Kwa 0.85 ungepata 4.8 pamoja na kutu, na bamba lako la 5 lingepita. Tofauti ilikuwa picha chache tu za eksirei, kwa hiyo ulizia bei ya picha na bei ya bamba nene kabla hujanunua chochote.

Na muuzaji akikwambia SA-36, chuma cha kawaida cha ujenzi, ni chuma kile kile, mwache aseme. Kanuni inairuhusu kwa tangi kama hili, ila kwa megapaskali 114. Rudia hesabu kwa E ya 0.70 utapata 6.6 pamoja na kutu, na sokoni utaondoka na bamba la 8. Bamba lisilo na cheti cha kiwandani chenye namba inayolingana na iliyogongwa kwenye chuma, usiliingize karakana.

Kuna na mshono wa mwisho, ule unaofunga kichwa cha pili, yaani kifuniko cha mwisho wa tangi. Ukishafunga, nani ataingia ndani kuchomelea upande wa pili? Mshono wa upande mmoja usio na ukanda wa kuushikilia kwa ndani unaruhusiwa kwenye mzunguko tu, na kwa kipenyo cha nje kisichozidi milimita 610. Lako ni 800. Weka ukanda, au acha tundu la mtu kuingia. Vichwa navyo vipime unene kwenye kona ya mkunjo, maana chuma hukonda kikikunjwa. Namba ya katikati ya kichwa haikusaidii kitu.

Sasa bomba. Mpaka kati ya tangi na bomba umeshaandikwa kwenye kanuni: uso wa flenji ya kwanza, au nyuzi za kwanza, au mshono wa kwanza wa mzunguko. Ndani ya mpaka ni Sehemu ya VIII. Nje, kwa mabomba ya kiwandani, ni B31.3, kanuni ya ASME ya mabomba. Bomba lile lile la chuma cha SA-106 daraja B lina mkazo unaoruhusiwa wa megapaskali 118 ndani ya mpaka na 138 nje, kwa sababu Sehemu ya VIII inagawa nguvu ya kukatika kwa 3.5 na B31.3 inagawa kwa 3. Anayebeba 138 ya nje akaitumia kwenye nozeli, kile kipande cha bomba kilichochomelewa kwenye tangi, anajidanganya mwenyewe, tena kwa maandishi.

Nozeli yako ya inchi 2 ni skejuli 40 (skejuli ni namba ya unene wa bomba), milimita 3.91. Kiwanda kinaruhusiwa kupungukiwa asilimia 12.5, kwa hiyo una uhakika wa 3.42 tu. Shingo ya nozeli kwenye tangi hili inadai kama 4.2 pamoja na kutu. Weka skejuli 80: 5.54, ukitoa upungufu 4.85. Nje ya mpaka, presha peke yake inadai unene wa robo ya milimita! Usicheke. Nyuzi za kufungia bomba zinakula 1.77, kutu 1, kisha upungufu wa kiwanda, na tayari uko 3.44. Skejuli 40 inapita, lakini si kwa mbali kama ulivyodhani.

Jaribio la maji: tangi ni mara 1.3, bar 14.3, bomba ni mara 1.5, bar 16.5. Ukiwa umeunganisha vyote na pampu moja ukapandisha hadi 16.5, tangi umelizidishia. Litenge kwa bamba la kuziba. Isipowezekana, B31.3 inakubali vyote vijaribiwe kwa presha ya tangi, mwenye mali akiridhia na presha hiyo ikiwa angalau asilimia 77 ya ile ya bomba. Hapa ni 87. Toa hewa yote juu kabla ya kupandisha, tumia geji ya bar 30, kisha shusha hadi 11 ndipo usogee kukagua mishono.

Tangi lako si chuma chakavu. Piga eksirei ya sehemu sasa. Mishono ikiwa safi, ganda, yaani mwili wa tangi, linabaki bar 11. Hutaki? Geuza fomula utafute P kwa E ya 0.70 na milimita 4 zitakazobaki baada ya kutu, utapata bar 9.5. Nozeli badilisha vyovyote vile. Vichwa vikipimwa vikatosha, gonga 9.5 kwenye kibao, weka vali ya usalama ifunguke isizidi 9.5, na kompresa izime kwenye 8. Na kwa kuwa bomba la hewa litakuwa chini ya kilopaskali 1,035, mwenye mali anaweza kuliweka Kundi D la B31.3, kundi la mabomba yasiyo na hatari kubwa, ambako sharti la kawaida la kupiga eksirei asilimia 5 ya mishono halidaiwi tena.