Kabla hujaweka hela kwenye video poka, soma jedwali

Juzi mdogo wangu mmoja wa Nkuhungu kanitumia ujumbe: "Kaka, nasikia video poka unaijua. Nifundishe, nimechoka kuliwa na dubwi." Chini yake kaweka picha ya skrini ya simu yake. Picha hiyo nitairudia. Kwanza nieleze kwa nini ujumbe wake ulinigusa penye kidonda.

Mimi ni wakala wa miamala, kibanda kipo jirani na soko la Majengo. Kazi yetu mnaijua: asubuhi foleni, ikifika saa nane mchana umebaki wewe, vumbi la Dodoma na simu mkononi. Ndipo nilipoanza kucheza. Miezi ya mwanzo niliyoliwa nairuka, haina cha kufundisha.

Ilikuwa Julai, ule upepo wa baridi unalipiga turubai la kibanda. Nacheza "Jacks or Better", aina ya video poka ambayo malipo yanaanzia pea ya jeki, sarafu moja ya shilingi 100 kwa kila mgao, nikijiona mbanaji matumizi. Mashine ikanipa kingi, kwini, jeki na kumi za kopa, na nne ya kopa. Kopa tano: hiyo ni flashi tayari, inalipa mara 6. Wengi wangeshika shilingi 600 zao wakashukuru. Mimi nilikuwa nimeshajifunza kwamba karata nne za roya flashi (kumi, jeki, kwini, kingi na esi za alama moja) zinazidi flashi iliyokamilika, kwa hiyo nikaitupa ile nne nipewe nyingine. Zimebaki karata 47 na ninayoitaka ni moja tu. Ikaja esi ya kopa.

Nilipiga kelele mpaka mama wa zabibu wa kibanda cha pili akaja mbio akidhani nimeibiwa. Roya flashi! Ukicheza vizuri hutokea kama mara moja kwenye migao 40,000. Mashine ikanilipa 25,000.

Usiku, nimeshakula nyama choma na mke wangu, nikafungua tena jedwali la malipo. Safu ya kwanza, sarafu moja, roya flashi inalipa 250. Safu ya pili 500, ya tatu 750, ya nne 1,000. Safu ya tano: 4,000. Yaani ningeweka sarafu tano, shilingi 500, ningeondoka na 400,000. Jedwali lilikuwa mbele ya macho yangu muda wote na sikuwahi kulisoma mpaka mwisho.

Maumivu yale ndiyo yaliyoniponza. Kesho yake nikaanza kuweka 500 kwa kila mgao ili nipate "haki yangu". Siku mbili, 180,000 za floti zikaenda. Mke wangu alijua pale mteja alipokuja kutoa hela nikashindwa kumpa. Shemeji ndiye aliyeniokoa, na mpaka leo nikikaa naye mezani naona aibu.

Sasa sikiliza, mdogo wangu. Dubwi unabonyeza unasubiri. Video poka unapewa karata tano kutoka pakiti ya 52, unabakiza unazotaka, unabadilisha zilizobaki mara moja tu. Uamuzi wako una uzito, ndiyo maana jedwali lina uzito. Tazama mistari miwili: fulu hausi (karata tatu zinazofanana pamoja na pea) na flashi. Ikiwa sarafu moja inalipa 9 kwa fulu hausi na 6 kwa flashi, ukicheza bila makosa, na kwa sarafu tano, inarudisha wastani wa asilimia 99.54. Ikiwa 8 na 5, inashuka mpaka karibu 97.3. Ikiwa 6 na 5, ni kama 95. Mgao wa shilingi 100, migao 400 kwa saa, umezungusha 40,000. Kwenye 9 na 6 wastani wa hasara haufiki 200. Kwenye 6 na 5 ni 2,000, kila saa, kwa karata zilezile.

Sarafu tano ni nzito? Usipunguze sarafu, punguza thamani yake. Sarafu tano za shilingi 20 ni 100 ileile niliyokuwa naweka, na roya flashi yangu ingenilipa 80,000.

Upande wa karata: pea ya jeki kwenda juu usiivunje ukifukuzia flashi. Pea ndogo, hata ya karata za tatu, ni bora kuliko kubakiza esi peke yake, lakini ukiwa na karata nne za flashi, iache pea ndogo. Ukishika pea usiiwekee esi pembeni eti isindikize. Unajinyima nafasi ya kupata karata tatu zinazofanana. Anza na video poka ya bure, isiyotumia hela, mpaka mkono uzoee. Na jedwali, jamani, jedwali kwanza.

Kuna watu wanasema mashine imeshiba, sasa itatapika. Haishibi. Karata zinachanganywa upya kila mgao, haikumbuki ulichopoteza jana. Na hata hiyo 99.54 maana yake mwenye mashine bado anakuzidi. Kwa hiyo hela ya floti, ya ada, ya kodi ya nyumba, ya mbegu za alizeti za mzee kijijini, hiyo usiiguse hata ukiwa na karata nne za roya mkononi. Mimi niliigusa. Kama hujafika miaka 18 sheria hairuhusu, funga simu. Mliooa, mwambieni mke kiasi kabla ya kucheza, siyo baada.

Ile picha uliyonitumia nimeikuza mpaka mwisho. Fulu hausi 6, flashi 5, na roya flashi safu ya tano wameandika 1,250, yaani hata ukiweka sarafu tano hakuna nyongeza. Hiyo usiicheze, mdogo wangu. Toa hela yako leo. Ukipata nyingine, nitumie picha ya jedwali lake kabla hujaweka hata mia.