Kisanduku cha kumridhisha trafiki

SWALI: Naendesha lori kati ya Dar es Salaam na Tunduma. Kisanduku cha huduma ya kwanza ninacho, ila ni cha kuonyesha kwenye ukaguzi tu. Nikikuta ajali kwenye mteremko wa Kitonga, Iringa, nianzie wapi? Na je, majeruhi apewe maji?
Dereva, Mbeya

JIBU: Maji hapana, wala soda. Anaweza kupaliwa, na huenda akahitaji upasuaji, ambao hutaka tumbo tupu.

Egesha mbali, washa taa za hatari, utingo apeleke pembetatu. Kitonga, pembetatu iwekwe kabla ya kona. Ikiwa baada ya kona, anayeshuka ataiona akiwa ameshawafikia. Piga 112. Likiwa lori la mafuta, kaa mbali na uwarudishe wenye madumu wanaokuja kuchota mafuta: Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, moto wa namna hiyo uliua watu zaidi ya 100.

Usivutwe na kelele. Anayelia anapumua, mtazame kwanza aliye kimya, na anayevuja damu nyingi. Vaa glavu, kunja gozi (kitambaa chepesi cha kufunika kidonda) au kanga, kandamiza kidonda kwa mikono miwili dakika 10 bila kuchungulia. Wengi huharibu hapo: wakifunua, damu iliyoanza kuganda inabanduka.

Mkono au mguu ukiendelea kuruka damu, zungushia kitambaa cha upana wa vidole vitatu, sentimita 5 hadi 7 kutoka kidondani upande wa kiwiliwili, si kwenye kiungo chenyewe cha goti au kiwiko. Piga fundo, pachika spana, funga tena juu yake, zungusha mpaka damu ikome, kisha ifunge spana isirudi. Kamba ya kiatu au waya hukata nyama tu. Atapiga kelele kwa maumivu, usilegeze. Andika saa uliyofunga.

Aliyezimia ila anapumua, mlazeni ubavu, kichwa na mgongo vikigeuka pamoja. Aliyenasa ndani asivutwe, isipokuwa moto au maji yanamfuata.

Kuhusu kisanduku: plasta ndogo na vidonge vya maumivu havizuii damu. Weka glavu jozi 5, bandeji 4 za upana wa sentimita 10, gozi pakiti 10, bandeji 2 za pembetatu, mkasi wenye ncha butu, tochi na maka peni. Kikae nyuma ya kiti chako, si kwenye boksi la vifaa lenye kufuli. Glavu zikague mara kwa mara, maana joto la kabini huzikausha zikapasuka wakati wa kuvaa.