Anayengojesha Ndiye Mwenye Deni

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza sisi wazazi wako tuliwafunzaje kungoja, maana mjukuu wangu ana miaka mitano na katuni ikikwama kidogo kwenye simu anajitupa sakafuni, na mkeo anataka simu hiyo ifungiwe kabatini. Hatukuwa na mbinu yoyote. Mlingoja kwa sababu hapakuwa na cha kuwapa, na mtoto anayekosa kwa ufukara hajafunzwa subira, amezoea tu kukosa.

Ninachoweza kukueleza vizuri zaidi ni habari za yule anayengojesha. Unalikumbuka shamba la miwa la kule mtoni. Huku kwetu miwa mipya hukomaa baada ya miezi 18 na zaidi, lakini mara ile ilipitisha miaka miwili bila kiwanda kuleta wakataji, ikatoa maua, na muwa uliochelewa hivyo hupungua uzito na utamu. Jirani yetu wa juu alikata yake mapema, akawauzia wenye vinu vya sukari nguru kwa bei ya kutupa, akalipwa jioni hiyo hiyo. Baba yako alimcheka sana. Wewe ulikuwa umeahidiwa viatu vya shule, miwa ikilipwa.

Hati ya malipo ilipotoka niliifuata mwenyewe. Makato ya kulimiwa, mbegu, mbolea, kukatiwa na kusafirishiwa yalipangwa moja chini ya jingine, na mwishoni, mahali ambapo chetu kingeandikwa, palikuwa na alama ya kutoa: sisi ndio tuliodaiwa. Karani wa dirishani akanirudishia karatasi akisema nisubiri msimu ujao, mvumilivu hula mbivu. Hadi leo methali hiyo hunichoma, kwa kuwa nimeisikia zaidi vinywani mwa watu walioshika pesa zetu.

Tukamuuza yule ndama mwekundu, ukapata viatu. Baba yako alinuna siku nyingi, akiona ni wazimu kuuza ndama kwa ajili ya mtoto ambaye angeweza kwenda miguu mitupu kama wenzake. Nilimjibu ninavyokujibu wewe leo: ahadi ni deni, na anayengojesha ndiye mwenye deni. Pengine alikuwa na hoja. Ndama yule angekuwa ng'ombe wa maziwa, na kila nikiipiga upya hesabu hiyo, kwa shilingi, baba yako hunishinda.

Usidhani ni uchungu wa mama tu (mwalimu mstaafu haachi kufundisha). Tangu miaka ya 1960 mtafiti Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford aliwawekea watoto kitu kitamu mezani, akawaahidi cha pili iwapo wangengoja, na watu wengi wakachukulia kwamba anayeweza kungoja ana nguvu fulani ndani yake. Mwaka 2013 watafiti wa Rochester, huko huko Marekani, walitanguliza jambo moja: waliwaahidi watoto vifaa bora vya kuchorea, wengine wakaletewa, wengine wakaambiwa samahani, havipo. Kitamu kilipowekwa mezani, waliotimiziwa walingoja kwa wastani wa dakika 12, na waliovunjiwa ahadi dakika 3. Hawa wa dakika 3 siwaiti wenye pupa. Walipiga hesabu kama jirani yetu wa sukari nguru.

Lakini hapo hapo najipinga, kwa sababu wewe ulitimiziwa, na bado unakopa kwenye simu mshahara ukiwa njiani. Basi huenda ahadi kutimizwa hakutoshi. Au labda siku hizi mzazi amepata mshindani: mtoto akibonyeza, katuni inakuja, kila siku, bila visingizio. Wewe ulimwahidi kwamba Krismasi mngekuja Butere amwone kukhu, yaani nyanya yake, nami nikamfuga jogoo hadi Februari. Ningekuwa na miaka mitano, nami ningeiamini simu kuliko baba.

Kuhusu kuifungia kabatini, nyumba ni yako na mkeo, na nimeuma ulimi kwa shida. Ukiniuliza mara ya pili, nitasema.

Mama yako