Ukuta kwanza, jalada baadaye

Jalada langu la kwanza la jarida la zamani nililiharibu mwenyewe. Lilikuwa la The Saturday Evening Post, jarida la Marekani, mchoro wa msanii Norman Rockwell, nimelipata katika duka la vitu vya kale Mkunazini. Nikalitia fremu, karatasi imegusana na kioo, nikalitundika sebuleni kwetu Mji Mkongwe. Masika moja ilitosha. Kuta zetu za mawe ya matumbawe na chokaa hunywa maji kutoka chini, na fremu ile ilikuwa imelala juu ya unyevu usiku na mchana. Nilipoifungua, wino ulikuwa umeganda kwenye kioo, na ukungu umetapakaa mgongoni.

Basi wewe unayeanza kukusanya majalada, Unguja au Pemba, tafuta ukuta kabla ya jalada. Uwe wa ndani, usiopigwa na mvua wala jua la dirishani. Bandika vipande vya kizibo nyuma ya fremu, pembe za chini, hewa ipite. Baina ya karatasi na kioo weka kartoni isiyo na asidi iliyokatwa dirisha katikati. Selotepu usiitumie kabisa: gundi yake hugeuka kahawia na kuzama ndani ya karatasi, na haitoki tena. Karatasi yenyewe imeshabeba adui wake, kwani majarida mengi ya karne iliyopita yalichapwa kwenye karatasi ya rojo la mbao, yenye asidi inayoigeuza njano na kuifanya ivunjike.

Kuhusu bei, usitishwe na umri. Rockwell alianza kulichorea jarida lile mwaka 1916 akaendelea hadi 1963, majalada zaidi ya 300, na kila toleo lilitoka kwa mamilioni, hivyo si adimu. Angalia hali yake: pembe, mikunjo, na kama karatasi ya anwani ya msomaji wa zamani imebandikwa juu ya mchoro.

Moyo wangu lakini uko kwenye magazeti ya picha ya London, Illustrated London News lililoanza 1842 na The Graphic la 1869, kwa sababu humo tumo sisi. Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alipozuru Uingereza mwaka 1875, wachoraji walimfuata. Kurasa za wakati ule zilichapwa kwa mbao zilizochongwa kwa mkono, kwa hivyo chukua kioo cha kukuzia: ukiona mistari iliyokatwa safi, endelea, ukiona nukta ndogondogo, hiyo ni nakala ya juzi. Geuza na nyuma, mara nyingi huwa pana maandishi ya gazeti au picha nyengine. Na ikiwa ina rangi, jua kwamba mara nyingi ilipakwa baadaye ili iuzike. Mimi sizinunui hizo, na gazeti zima silikati hata nikipewa bei nzuri ya ukurasa mmoja.

Zangu nimezilaza katika sanduku, kila moja ndani ya mfuko wa poliesta, plastiki angavu. Kaskazi ikikausha hewa, nafungua madirisha, natandika shuka safi mezani na kuzipitia moja moja.