Sherehe ya Jumamosi, simu ya Jumatatu

Kijana aliyefukuzwa nyumbani kwa kuwa ni kuchu, yaani mtu wa LGBTQ (shoga, msagaji, aliyebadili jinsia na wenzao), hapotezi kitanda tu. Hupoteza watu wa kumkatia keki. Anamaliza chuo, hapigiwi vigelegele. Anapata kazi, hana wa kumwambia hongera. Mwaka wa tatu na mpenzi wake unapita kimyakimya. Kwa hiyo tukisema sherehe huisaidia akili, hatuzungumzii bendera za upinde wa mvua na spika za kupasua masikio. Tunazungumzia kuziba pengo hilo.

Mwanasaikolojia Ilan Meyer alieleza mwaka 2003 kwa nini sonona na wasiwasi huwaandama zaidi watu wa LGBTQ: tatizo si maumbile yao, ni mzigo wa ziada wanaobebeshwa. Yapo matusi na vipigo vyenyewe. Kuna kukaa chonjo ukivingojea, na kuna kujificha. Halafu kuna maneno ya mtaani ambayo mtu huyasikia mpaka yanakuwa sauti yake mwenyewe, akajichukia. Sherehe haifuti sheria wala haimnyamazishi jirani. Inachoweza ni kumpa mtu saa 5 za kutokaa chonjo, na kumzungushia nyuso 20 zinazofurahi kumwona.

Ushauri ufuatao wa kuandaa sherehe unafaa Nairobi, na kwa Waswahili walio ughaibuni kwenye nchi zenye ruhusa. Uganda, tangu sheria ya 2023, kinachoitwa kuhamasisha ushoga kinaweza kumfunga mtu hadi miaka 20. Huko, na Tanzania pia, kaeni watatu au wanne, mle chakula, muishie hapo.

Idadi ya wageni iwe kati ya 12 na 25. Wakipita 30, mwenyeji hajui tena nani kaingia. Kila mgeni aje kwa dhamana ya mtu mnayemjua, na mahali patajwe asubuhi ya siku yenyewe, kwa ujumbe wa mtu mmoja mmoja, kamwe si kwenye kundi la watu 200. Anzeni saa 7 mchana, mmalize saa 12 jioni, watu waondoke wawili wawili, na kila mmoja atume neno "nimefika". Chakula kitoke kabla ya pombe: kwa watu 20, kilo 3 za mchele wa pilau na kilo 3 za nyama zinatosha. Tumbo tupu, bia tatu na huzuni ya miaka mingi havikai pamoja vizuri.

Kinachoharibu mambo mara nyingi ni simu. Hata polisi hawahitajiki ili mambo yaharibike. Mtu anapiga picha kwa nia njema, anaiweka kwenye status ya WhatsApp, anasahau kwamba binamu wa rafiki yake ana namba hiyo hiyo. Jioni hiyo hiyo mtu mwingine hana pa kulala. Wekeni kikapu mlangoni, simu zizimwe na kutiwa humo. Anayesubiri simu ya mtoto au mgonjwa abaki nayo, lakini aipokelee nje. Picha za kumbukumbu zipigwe na mtu mmoja tu, za mikono, keki na viatu, bila sura.

Tengeni chumba kimoja kisicho na muziki, chenye maji na watu wawili wasiokunywa siku hiyo. Kazi yao ni kusikiliza. Mtu akilia wakati wengine wanaimba, hajaharibu sherehe. Mara nyingi furaha ndiyo inayomkumbusha alichokosa.

Na msherehekee kitu. Shahada, kodi ya nyumba ya kwanza iliyolipwa kwa jasho, mwaka mmoja bila kujikata. Mtajeni kwa jina alilolichagua, mtuzeni kama anavyotuzwa mwimbaji wa taarabu, noti mkononi hata ikiwa ya shilingi 50. Leso yenye jina zuri inazidi hotuba ya nusu saa. Hotuba, kwa kweli, ziacheni. Msimlazimishe mtu kusimama na kusimulia maisha yake. Anayekuja akae kimya kwenye kona na kula chapati naye kahudhuria.

Hatari iko siku mbili zinazofuata. Mtu anarudi kwenye nyumba anamojificha, na ukimya wa humo sasa unamlemea zaidi kuliko wiki iliyopita, kwa sababu ameonja kitu kingine. Mgawane majina kabla ya kuagana, kila mtu apigiwe simu ndani ya saa 48, kisha tena baada ya wiki. Tarehe ya kukutana tena itajwe pale pale. Chai ya kila mwezi inamsaidia mtu kuliko tamasha la mwaka.

Ukisikia anasema amechoka kuishi, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Akiwa na mpango na njia, usimwache peke yake, ondoa dawa au sumu iliyo karibu, mpeleke hospitali. Kenya, Mahakama Kuu ilisema mwaka 2025 kwamba kumwadhibu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba, kwa hiyo hofu ya kushtakiwa isiwacheleweshe.

Kisha kuna familia. Utafiti wa Trevor Project, shirika la Marekani linalozuia vijana wa LGBTQ kujiua, mwaka 2019, ulikuta kwamba vijana hao wenye mtu mzima hata mmoja anayewakubali walikuwa na uwezekano pungufu kwa asilimia 40 wa kusema walijaribu kujiua mwaka uliotangulia. Mmoja tu. Mama mmoja, Jeanne Manford, alipoandamana na mwanawe shoga New York mwaka 1972, vijana walimkimbilia wakimwomba aongee na wazazi wao, na mwaka uliofuata akaanzisha mikutano ya wazazi iliyozaa PFLAG, shirika la wazazi na familia za watu wa LGBTQ.

Kwa hiyo msimtafute mzazi mkali kwanza. Mtafuteni shangazi au mjomba anayeuliza, "Yule mtoto anakula wapi siku hizi?" Msimwalike kwenye muziki. Mwalikeni mlo wa mchana, akae karibu na mzazi mwingine aliyekwisha pita njia hiyo, na msimwombe akubali lolote siku hiyo. Akikataa kuja, mfungieni sahani ya pilau, na yule kijana mwenyewe ndiye ampelekee.